Nguzo Nne za Mbele

Nianze na lile linalonikera kuliko yote, kabla sijalipoza kwa maneno mazuri. Yule mzee hakuwa amechanganyikiwa. Waliosema hivyo walikuwa wamekaa kwenye viti vya ngozi, kiyoyozi kinawapuliza visogoni, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Mimi nilimsikiliza miaka minne. Nilimpelekea chai mara mbili kwa siku, nikamfutia meza, nikamwokotea penseli chini ya kabati. Akili zake nazijua. Na doa lililoingia kwenye jina lake nalijua lilitoka wapi, maana nililitia mimi. Nitafika hapo.

Jina lake silitaji. Wamisri wa ofisini walimwita bashmuhandis, na mimi nikamwita Mhandisi. Alikuwa Mwingereza. Alikozaliwa sikuuliza, na watu wake sikuwajua. Alifika Doha wakati minara ya vioo ya West Bay bado inahesabika kwa vidole. Mimi nilifika baadaye, kutoka Voi, na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya kaki, wakati metro ilikuwa bado mashimo yaliyozungushiwa mabati. Mume wangu alikuwa dereva wa ofisi yao. Mimi nikawa mama chai, na saa ya chakula cha mchana, msichana wa mapokezi akitoka, nikawa pia mpokea simu. Mudiri, yule mkubwa wa ofisi, ndiye aliyetusaidia kumleta binti yetu Neema, na hilo alitukumbusha mara nyingi.

Kazi ya Mhandisi ilikuwa kuchora nyumba za mtindo wa kale. Nguzo ndefu mbele, pembetatu juu yake, ngazi pana, madirisha yaliyojipanga kama wanafunzi gwarideni. Nilimuuliza kama hayo ndiyo majengo ya kwao. Akacheka.

"Babu zangu waliiba kwa Wagiriki. Mimi naiba kwa babu zangu. Wizi ya familia."

Kiswahili chake ndicho hicho, msichoke nacho. Alijifunza kwetu, kwangu na kwa mume wangu na kwa walinzi wa chini, na alikisema kwa ujasiri wa mtu anayeendesha gari bila breki. Kila mtu alimpa shikamoo. Namaanisha yeye ndiye aliyetoa. Alimpa mlinzi wa miaka ishirini na mbili, na siku ya kwanza nilipomleta Neema ofisini, mtoto wa miaka mitatu, Mhandisi alivua miwani akainama mpaka magoti yakalia.

"Shikamoo."

Neema akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye, kisha akajibu kwa sauti ya bibi kizee, "Marahaba."

Tangu siku hiyo wakawa hivyo. Nilimweleza Mhandisi kwamba heshima hiyo hupanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Akasema anajua, ila kwa umri wake amebakiwa na watu wachache sana wa kumpa, na hapendi kukosa mazoezi.

Ilikuwa pia tabia yake kugonga. Siku yangu ya kwanza nilimkuta kwenye ukumbi wa chini amebandika sikio kwenye nguzo, anaigonga kwa kifundo cha kidole. Nikadhani anatafuta panya. Aligonga nguzo za benki, za ukumbi wa harusi, za duka la fanicha, za nyumba za watu alikoalikwa chakula. Ikiitika kwa sauti nene, anaipiga kofi mgongoni kama ng'ombe mwema. Ikiitika tupu, anakunja uso na kusema neno la Kiingereza ambalo Neema alilijua kabla sijapata nafasi ya kuziba masikio yake.

Hapa mnielewe, maana mtu akinisikia namsifu atadhani alikuwa malaika. Huyu mzee aliyechukia nguzo tupu ndiye aliyezichora. Wateja walitaka hizo hizo. Walitaka nyumba ionekane kama jumba la wafalme, ikamilike kabla ya Ramadhani. Basi akachora nguzo za plasta, waya na hewa, na paa la baraza likashikiliwa na ukuta wa nyumba kwa vyuma vilivyozama ndani, zile nguzo za mbele zikabaki zinasimama tu kama wageni waalikwa. Alizichora kwa uangalifu uleule, unene juu na chini, michirizi yake, vichwa vyake. Halafu jioni ananiambia, "Mama Neema, nusu ya kazi yangu hapa ni fundi cherehani. Nashonea nyumba." Nikacheka na kuchukua kikombe. Ningekuwa na akili siku ile, ningeliweka neno hilo mahali.

Vijana wa ofisini walikuwa ama wachoraji wa sura za nyumba ama wakokotoaji wa mifupa yake, na makundi hayo mawili yalirushiana barua pepe kutwa nzima wakati wameketi meza mbili zinazopakana. Yeye alikuwa vyote viwili. Aliichora sura kwa mkono wa kulia na mifupa akaikokotoa pembeni ya karatasi ileile, kwa penseli ileile. Kompyuta alipewa. Aliifunika kitambaa. Simu ya mkononi alipewa pia, ikakaa kwenye droo ikilia mpaka ikachoka. Hilo lilikuja kutugharimu.

Alikuwa na swali moja kwa kila kitu. "Uzito unapita wapi?"

Alinifundisha kwa vikombe. Aliweka vipande vitatu vya sukari mezani, akaweka kisahani juu, kikombe juu ya kisahani, na chai ndani.

"Chai ni nzito. Inataka kwenda chini. Siku zote inataka chini. Inapita wapi?"

"Kwenye sukari."

"Sukari gani?"

"Zote tatu."

Akachomoa moja kwa ncha ya penseli. Kikombe kikabaki. "Sasa?"

"Hizo mbili."

"Na hizi mbili walijua? Waliulizwa?" Akanitazama juu ya miwani. "Nyumba ikianguka, Mama Neema, ni kwa sababu mtu hakuuliza."

Halafu akagusa kipande cha pili na chai yote ikamwagikia karatasi za Mudiri. Nilizifuta mimi, naye akasimama mlangoni akilinda asije mtu, anapiga mluzi.

Swali hilo aliliuliza mpaka kwa maisha yangu. Nilikuwa na hasira siku zile, na sitasema zimeisha. Mtoto anakohoa vumbi la ujenzi, mume anaitwa kazini hata Ijumaa ya mapumziko, mama yangu Voi anadhani nimesahau kupiga simu, msichana wa mapokezi ananiita "yule wa chai" nikiwa nimesimama hapo hapo. Siku moja niliweka trei mezani kwa kishindo. Mhandisi hakuuliza nina nini. Aliuliza, "Uzito wako unapita wapi?" Nikamwambia haupiti popote, umekaa. Akafikiri. "Mbaya hiyo," akasema, na kuanzia kesho yake akawa anakuja kuchukua chai mwenyewe jikoni, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananiacha nilalamike. Sijawahi kupata msikilizaji kama huyo. Hakutoa ushauri hata mmoja.

Kwa wahandisi wenzake alikuwa mkali kama siki. Nilimwona akirarua mchoro wa kijana wa watu vipande vinne, kijana akitazama. Kwa wafagiaji alisimama wapite. Sijui kwa nini adabu zake ziligawanyika hivyo, na yule kijana hakustahili.

Kati ya majengo yake yote, alilolipenda ni kibanda cha umeme. Kiko Abu Hamour, nyuma ya maduka ya vipuri. Mashine za umeme zinanguruma ndani, geti limefungwa, hakuna anayekitazama. Walimwachia achore anavyotaka kwa sababu hakuna aliyejali. Akakipa baraza dogo lenye nguzo mbili za mawe matupu, mazito, na paa lililozikalia kwelikweli. Nilikuwa nasubiri basi hapo. Watu wa Nepal, Wakenya, Wabengali, tulijipanga kwenye kivuli cha nguzo zile mbili, na jua liliposogea tukasogea nalo, kama mshale wa saa. Nilipomwambia, aliniomba nieleze tena: saa ngapi kivuli kinafika wapi, wanakaa watu wangapi. Aliandika. Nikamuuliza anaandika ya nini. Akasema, "Hiyo ndiyo barua ya kwanza nimepata kutoka kwa wenye nyumba."

Sasa niseme lile neno.

Kwa karibu miaka minne Mhandisi hakuweza kutofautisha nguzo na nguo. Ulimi wake uliipoteza ile "z" njiani. Aliwasimamisha walinzi wa chini na kuwaambia, "Nguo hii nzuri sana, saruji na chuma mpaka chini!" Walinzi wakajishika mbavu. Asubuhi moja aliingia jikoni uso umemkunjamana. "Mama Neema, nguo yangu imepasuka." Nikamwangalia suruali. Nikamzunguka nyuma nikaangalia tena. Kumbe ni nguzo ya nyumba moja kule kaskazini imepata ufa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka bila kujua anachekea nini.

Hatukumrekebisha. Ilikuwa inatufurahisha. Ikawa kila anaposema nguo, kichwani mwangu inageuka yenyewe kuwa nguzo, na mafundi wakinipigia simu kuuliza mzee kasema nini, nawageuzia. Mimi ndiye niliyekuwa hiyo "z" yake.

Neema alipoanza chekechea, alianza kwa bibi mmoja Msudani aliyekuwa amekodi nyumba mtaa wa pili kutoka kwetu, hapo Abu Hamour. Nyumba nyeupe, ua wenye bembea mbili. Mwenye nyumba aliitaka iwe na sura, akaja ofisini kwetu, na Mhandisi akamchorea baraza la mbele: ngazi tatu, paa jepesi lililoshikwa na ukuta, na nguzo nne za pambo. Watoto walivulia viatu hapo chini ya lile baraza, viatu vimepangwa ukutani, vidogo mpaka unataka kuvila.

Aliyesimamia ujenzi alikuwa nyapara mmoja kutoka Tabora, fundi hodari, asiyejua Kiingereza na asiyetaka kujua. Kazi ilikuwa inamalizika alipopiga simu. Ilikuwa saa ya chakula. Msichana wa mapokezi hakuwepo. Nilikuwa na sufuria ya karak, chai ya maziwa, jikoni, maziwa yanapanda.

"Dada, habari za huko. Mwenye nyumba anataka tangi la maji likae juu ya baraza. Hebu niulizie mzee, zile nne za mbele ni nguzo?"

Mlango wa Mhandisi ulikuwa wazi. Nikapaza sauti kutoka kwenye simu, nikitupia jicho maziwa. Tangi sikulitaja. Nilisema tu, "Mhandisi, fundi anauliza, zile nne za mbele za chekechea, ni nguzo?"

Hakuinua kichwa. "Mwambie hapana. Ni nguo. Nguo tu."

Nilisikia "hapana". Naapa nililisikia. Lakini nilikuwa nimeshazoea kumnyoosha, na maziwa yalikuwa yanamwagika, na kwenye simu nikasema, "Eh, anasema ni nguzo. Nguzo tu."

"Haya dada, ahsante."

Nikakimbilia sufuria.

Tangi likapandishwa. Sijui lilikaa siku ngapi. Mhandisi alikwenda kukagua, mume wangu akimwendesha, na haya mengine aliniambia yeye. Alisema mzee alishuka garini, akapanda ngazi, akagonga nguzo ya kwanza, akatabasamu kidogo kama anavyotabasamu mtu akiona shati alilolishona mwenyewe. Halafu akainua macho. Akaona alama ya maji kwenye dari. Akarudi nyuma hatua tatu mpaka uani, akaliona tangi.

Hakupiga kelele kwa mafundi. Aliingia ndani na viatu vyake, kitu ambacho hakuwahi kufanya, na wakamsikia mpaka barabarani. "Watoto! Nyuma! Wote mlango ya nyuma!" Yule bibi Msudani alidhani ni moto. Mhandisi aliwabeba wawili kwapani, mmoja wao Neema wangu, akawatoa kupitia jikoni. Mume wangu akazunguka akafungua bomba la tangi, maji yakaanza kumwagika uani. Halijafika nusu. Nguzo ya tatu ilivimba katikati kama mtu anayetaka kutapika, plasta ikapasuka, ndani waya na hewa, na ukingo wote wa baraza ukashuka juu ya vile viatu.

Juu ya viatu tu. Nimeisema sentensi hiyo mara nyingi kuliko sala yoyote. Neema alikuwa na ndala nyekundu zenye kipepeo. Hatukuzipata.

Jioni hiyo nilimshika mtoto mpaka akalia niache. Mume wangu alikaa kwenye kitanda akitikisa kichwa.

"Sielewi," alisema. "Nyapara anasema aliambiwa na ofisi ni nguzo. Lakini mzee anajua tofauti siku hizi. Nilimfundisha mimi ndani ya gari, wiki iliyopita tu. Alifurahi huyo! Akasema basi zile za kweli zitakuwa nguzo na zile za uongo zitakuwa nguo, ameshapata neno la kazi yake."

Nikamwachia Neema.

"Alisema nguo," nikamwambia. "Alisema hapana, ni nguo. Mimi ndiye niliyegeuza."

Mume wangu hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alikwenda akafunga mlango, akarudi, akasema polepole, "Kesho kuna kikao. Ukiulizwa, sema ulivyosema kwenye simu. Makaratasi yetu ya ukaazi, yote matatu, yako kwenye droo ya Mudiri, Mama Neema. Yote matatu, droo moja."

Nilipeleka chai kwenye kikao. Mudiri, mwenye nyumba, wanasheria wawili, nyapara amekaa kwenye ukingo wa kiti, na Mhandisi. Nyapara akaeleza kwamba alipiga simu. Mudiri akanigeukia na trei mkononi.

"Wewe ulipokea. Bashmuhandis alisema nini?"

Nilimtazama Mhandisi. Alikuwa ananitazama pia, si kwa kunionya, si kwa kunisihi. Alitaka kujua. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri jibu la hesabu.

"Alisema nguzo," nikasema.

Nikaweka trei mezani, nikapanga vikombe. Hakuna aliyeviangalia.

Midomo ya Mhandisi ilijaribu kitu bila sauti, mara moja, mara mbili. Alikuwa anayapima yale maneno mdomoni, anatafuta alilolitoa. Kisha akasema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba basi ni yeye. Kwamba neno hilo limekuwa likimshinda, kwamba aliamini amelisema sawa, na kwamba mtu asiyejua tena anachosema hafai kutia sahihi nyumba wanamokaa watoto. Akatoa mhuri wake mfukoni, ule mdogo wa kubonyeza, akauweka mezani kando ya sukari. Penseli akaiweka pia.

Hajafika mlangoni, Mudiri akasema kwa sauti ya huruma ya uongo, "Maskini mzee. Amechanganyikiwa." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Niliwachukia wote pale walipokaa. Nilitaka kumwaga ile chai juu ya tai zao. Nikawamiminia, mmoja mmoja, nikauliza sukari ngapi.

Mnaweza kunihukumu. Nimeshajihukumu, na sihitaji msaada.

Baada ya hapo alijifungia nyumbani. Tulisikia bado yuko mjini, anaishi kwa rafiki, hachori. Sisi tulihama ofisi ile baada ya mwaka na nusu, mume wangu akapata kazi ya kuendesha basi la hoteli, mimi nikawa msimamizi wa wafagiaji huko huko. Metro ikafunguliwa. Neema akakua na tabia moja ambayo sikumfundisha kwa makusudi: hawezi kupita nguzo bila kuigonga. Nilikuwa nikigonga mimi bila kujijua, naye akaiokota.

Basi tukafika Lusail, ule mji mpya pembeni mwa Doha, Ijumaa moja alasiri, jua limepoa, sisi wawili tunatembea kando ya maji mbele ya majengo mapya yenye nguzo za kupendeza. Neema ana miaka kumi, mkoba wake wa shule mgongoni kwa sababu anakataa kuuacha. Anagonga moja, anaruka, anagonga nyingine.

"Inasema nini?" sauti ikauliza kutoka kwenye benchi.

"Tupu," Neema akajibu bila kugeuka.

"Na ile?"

Akagonga. "Tupu pia."

"Jaribu ya kona. Kona huwa wanaogopa kudanganya."

Neema akagonga ya kona. Akageuka ametabasamu. "Nene!"

Mzee alikuwa amekonda, shingo inaelea kwenye kola, fimbo katikati ya magoti. Alivua miwani. Akainama alivyoweza.

"Shikamoo."

Neema hakumkumbuka. Lakini mdomo wake ulikumbuka. "Marahaba," akasema, akashangaa mwenyewe.

Tulisalimiana. Aliniuliza habari za mume wangu, za mama yangu Voi, akakumbuka mpaka goti la mama. Akasema anaondoka wiki ijayo, anarudi kwao kwa mpwa wake. Akasema hayo akigusa kichwa chake kwa kidole. "Bora niwe karibu na mtu. Kichwa hii siiamini tena. Nilikwenda kwa daktari, watatu. Wakapima. Wote walisema nzuri. Lakini mimi najua. Wewe ulikuwepo, Mama Neema. Ulisikia."

Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba alinifichia. Kwamba alijua, akaamua kubeba kwa sababu nina mtoto. Niliipenda hadithi hiyo, iliniacha nilale. Kumbe hakujua. Kumbe aliniamini tu. Miaka sita mzee huyu amekaa kwenye chumba cha watu akiogopa ulimi wake, kwa neno langu.

"Mhandisi," nikasema. "Ulisema nguo."

Akanitazama.

"Nilikuuliza kama ni nguzo. Ukasema hapana, ni nguo, nguo tu. Ulilisema sawa kabisa. Mimi ndiye niliyemwambia fundi nguzo. Na kwenye kikao nilijua. Nilidanganya nikijua."

Neema alikuwa ameacha kugonga.

"Sema tena."

Nikasema tena, yote, na maziwa, na makaratasi kwenye droo.

Sikuambiwa nimesamehewa. Nisiwadanganye na nyinyi. Uso wake uliingia wekundu, mkono ukaikaza fimbo, na akasema kwa Kiingereza, kwa ile sauti aliyorarulia michoro, "Miaka sita sijachora hata mlango." Kisha akageuza uso kwenye maji, na mabega yake yakafanya kitu ambacho sikutaka mtoto akione. Nikabaki nimesimama. Nilistahili kusimama.

Hatimaye akamgeukia Neema. "Una penseli?"

Neema akafungua mkoba. Iliyokuwa imechongwa ni ya zambarau. Akampa na daftari lake la kuchorea.

Akaliweka daftari gotini. Ukuta kwanza. Kisha ngazi tatu, kisha paa, kisha zile nne za mbele, unene juu na chini, na michirizi yake, bila rula, mistari yote ikafika ilikokuwa inakwenda. Akamgeuzia Neema daftari.

"Uzito unapita wapi?"

Neema akaweka kidole juu ya paa, akakishusha kwenye nguzo ya kwanza.

"Hapana. Hizo ni nguo."

Akafikiri, ulimi nje. Kidole kikarudi juu, kikatembea nyuma mpaka ukutani, kikashuka na ukuta mpaka chini, mpaka kwenye ukingo wa karatasi.

"Eeeh," alisema mzee. Macho yalikuwa bado mekundu. Akainua kichwa kwangu, na hakuwa anatabasamu. "Mama Neema. Nimesema nini?"

"Umesema nguo."

"Sisikii."

"Nguo."

"Kubwa. Kama kwenye ile simu."

Nikavuta pumzi na kupiga kelele, "Nguo! Alisema nguo!" mpaka watu waliokuwa wakitembea kando ya maji wakasimama, wakageuka, na kuniangalia gauni, mbele na nyuma, wakitafuta limepasuka wapi.